Mwanafunzi Mpya wa Jiu-Jitsu: Kinachomvuta na Kinachomkuza

Jiu-jitsu ni mchezo wa kushikana. Wawili hukamatana, huangushana, kisha sehemu kubwa ya pambano huendelea wakiwa chini: mmoja anatafuta kukaa mahali pazuri juu ya mwili wa mwenzake, mwingine anatafuta kujinasua. Hakuna ngumi wala teke. Pambano huisha mmoja anapotiwa kabali, au kiungo chake, mara nyingi kiwiko, bega au kifundo cha mguu, kinapokunjwa hadi hatua ambayo ikizidi kidogo kitaumia. Hapo hugonga kwa kiganja mara mbili tatu kwenye mwili wa mwenzake au kwenye godoro, na huachiwa papo hapo. Kugonga ndiko kunakouwezesha mchezo wenyewe kuwepo. Watu hupambana kwa nguvu karibu zote walizo nazo, jioni baada ya jioni, na kila mmoja hurudi nyumbani mzima.

Utaratibu huo huo ndio unaompa mwanafunzi mpya mtihani wake. Kwenye ngumi, anayeanza hupigishwa begi na kurushwa kamba kwa muda mrefu kabla ya kuvaa glavu mbele ya mtu. Kwenye mpira, asiyejua huwekwa pembeni na mchezo ukaendelea bila yeye. Kwenye jiu-jitsu, klabu nyingi humwingiza katika mapambano ya mazoezi ndani ya wiki chache za mwanzo, na kwa kuwa hajui kitu, hushindwa. Hushindwa na mkubwa, na wa rika lake, na kijana mwembamba ambaye barabarani angempita bila kumtazama mara ya pili. Hali hiyo huendelea kwa miezi. Walimu wa mchezo huu husema karibu kila mahali kwamba wengi wanaoanza huacha wakiwa bado na mkanda mweupe. Swali la mhadhara huu ni nini kinachomfanya mtu abaki, na anakua vipi akibaki. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba hamu hailetwi na maneno ya kutia moyo. Huletwa na maendeleo ambayo mwanafunzi anaweza kuyaona kwa macho yake, na kazi ngumu ya mwalimu ni kumwonyesha pa kuyatazama.

Mwanzo wa mchezo uko Japani. Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa kijana mfupi na mwepesi aliyeonewa na wenzake shuleni, akaenda kujifunza jujutsu ya kale kwa sababu ile ile inayowapeleka wengi hadi leo. Mwaka 1882 alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, katika ukumbi wa mikeka 12. Mfumo wake aliuita judo. Mmoja wa waliotoka Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na katika mji wa Belém alimfundisha kijana Carlos Gracie. Carlos alifungua shule yake Rio de Janeiro mwaka 1925. Familia ya Gracie, hasa mdogo wake Hélio, iliikuza sehemu ya mapambano ya chini hadi ikawa mchezo unaojitegemea. Dunia iliutambua Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, pale Royce Gracie, mtu wa kilo karibu 80, alipowashinda wapiganaji watatu wa mitindo mingine katika usiku mmoja, bila kumjeruhi yeyote kwa ngumi.

Tanzania iliupokea ukoo huu wa michezo kwa milango mbalimbali. Karate ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani, katika dojo la Zanaki, na kutoka hapo ikasambaa mikoani kwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Judo ilishika mizizi Zanzibar, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, mkazi wa visiwani, aliifundisha tangu miaka ya 1990. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Andrew Mlugu aliiwakilisha nchi katika judo, uzito usiozidi kilo 73. Jiu-jitsu ya Brazili ndiyo mgeni wa karibuni, na baadhi ya Waswahili wanaoishi Ghuba wamekutana nayo Falme za Kiarabu, ambako imefundishwa mashuleni tangu mwaka 2008. Anayetoka kwenye judo na kuingia jiu-jitsu ana nusu ya safari tayari. Anayetoka kwenye karate ana nidhamu, saluti na uvumilivu wa mazoezi, ila mwili wake bado haujui kuishi chini.

Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita ni mahali pazuri pa kuuangalia mchezo huu, kwa sababu ya aina ya watu waliopo na maisha wanayoishi. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, miji kama Kahama, Kakola, Katoro na Geita mjini imejaa vijana waliotoka kila pembe. Pembeni ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na kwingineko, wanaoshuka duarani, yaani shimoni, wanaofunga matimba, wanaovuta mawe kwa winchi, wanaosaga kwenye karasha na kuosha kwenye mialo. Ni watu wenye mikono yenye nguvu na migongo iliyozoea mzigo. Mtu wa namna hiyo akikanyaga godoro kwa mara ya kwanza, huja na sababu zake, na sababu hizo hazina uzito sawa.

Iliyo ya kawaida kuliko zote ni kutaka kujilinda. Miji ya dhahabu ina fedha taslimu mifukoni na watu wasiojuana, na roba za usiku si hadithi. Usukuma unalijua jambo hili kwa kina. Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi wa vijiji, lilianzia maeneo ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na mauaji. Hata hivyo Sungusungu iliwalinda watu kwa wingi wao, kwa filimbi na kwa kujuana, na hilo ni funzo kwa anayetafuta usalama kwenye jiu-jitsu. Mchezo humfundisha mtu kutulia anapokabwa, kulinda shingo, kusimama tena akiangushwa. Haumfundishi kumkabili mwenye panga, na mwalimu anayeahidi hivyo anahatarisha maisha ya wanafunzi wake. Zaidi ya hapo, woga ni msukumo unaoisha haraka: baada ya miezi mitatu mtu hujiona anajiamini vya kutosha, na haoni tena sababu ya kutoka jasho.

Wengine huletwa na filamu. Kizazi kizima cha Kanda ya Ziwa kilikulia kwenye mabanda ya video, kikimtazama Bruce Lee na Jackie Chan huku msimulizi kama Lufufu akitafsiri kila neno kwa Kiswahili chenye vionjo vyake. Msukumo huu una nguvu sana siku ya kwanza. Tatizo lake ni kwamba kwenye filamu mkufunzi mzee humtesa kijana kwa dakika tano, kisha kijana anakuwa bingwa. Godoro halina muziki wa kupitisha muda. Wapo wanaotaka kupunguza mwili au kupata kifua, na wapo wanaowaza fedha za mashindano. Na wapo wachache ambao hawawezi kueleza vizuri kwa nini wamekuja. Waliona mazoezi dirishani, wakapenda.

Hao wachache wasidharauliwe. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Kimarekani Edward Deci alichapisha majaribio aliyofanya na wanafunzi wa chuo waliopewa fumbo la vipande vya kupanga. Waliolipwa kwa kila fumbo walilofumbua walionekana baadaye kupunguza hamu ya kulichezea katika muda wao wa mapumziko, kuliko wale ambao hawakulipwa. Kutokana na kazi hiyo na iliyofuata, Deci na mwenzake Richard Ryan walijenga nadharia inayosema kwamba hamu ya kudumu hulishwa na mambo matatu: mtu kujiona amechagua mwenyewe, kujiona anaweza, na kujiona ana watu. Zawadi ya nje, iwe fedha, sifa au hata mkanda, inaweza kuyasaidia au kuyadhoofisha. Mwanafunzi mpya wa jiu-jitsu kwa kawaida ana la kwanza kwa ukamilifu, kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha. La pili hana kabisa. La tatu linategemea klabu aliyoikuta.

Kwa mchimbaji, hilo la kujiona anaweza lina ugumu wake wa pekee, na halielezwi vya kutosha. Kazi ya duarani imemzoesha uhusiano fulani kati ya juhudi na malipo. Anaweza kuchimba mwezi mzima asipate kitu, kisha siku moja mawe yakatoka na maisha yakabadilika. Jirani yake aliyefanya kazi nusu yake anaweza kupata mara mbili. Uvumilivu wake ni mkubwa, ila ni uvumilivu wa kungoja siku moja kubwa. Akija godoroni na matarajio hayo, hungoja siku atakapoamka anajua, na siku hiyo haiji. Jiu-jitsu hulipa kila mara, ila kwa vijisehemu vidogo mno: leo amekaa chini ya mtu sekunde kumi zaidi kabla ya kugonga, wiki ijayo amegundua kwamba kabali ile huanza mwenzake anaposhika kola, si anapobana. Asipofundishwa kuvihesabu vijisehemu hivyo, atasema hana bahati, au mwili wake haukuumbwa kwa mchezo huu, na akishasema hivyo amejifungia mlango. Anayeamini kwamba kushindwa kwake kumetokana na asili au nyota yake hana cha kurekebisha.

Nguvu zenyewe nazo huleta shida. Kijana aliyezoea kupandisha mifuko ya mawe atawashinda wanafunzi wapya wenzake kwa kubana na kusukuma tu, na ushindi huo utamdanganya kwa miezi. Wakati huo huo mwenzake mwepesi, labda mhudumu wa duka la dawa au mwalimu wa shule ya msingi, hana cha kutegemea ila mbinu, kwa hiyo anajifunza mbinu. Baada ya mwaka mmoja njia zao hupishana, na mwenye nguvu huona kama ameibiwa. Mwalimu mzuri hulizuia hili mapema. Humpanga mwenye nguvu na watu wepesi zaidi na kumkataza kutumia zaidi ya nusu ya nguvu zake, au humwanzisha kila pambano akiwa amekaliwa, mahali ambapo nguvu zake hazimsaidii sana.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachotokea mwilini mwa anayejifunza. Mwanafunzi amelala chali, mwenzake amemkalia tumboni kama aliyepanda punda. Asiyejua hufanya mambo mawili. La kwanza ni kunyoosha mikono yote miwili na kumsukuma kifuani, na mkono ulionyooka ndio hasa mwenzake anaoutaka, kwa kuwa kiwiko kilichonyooka hupindwa kinyume kwa urahisi. La pili ni kugeuka kifudifudi ili akimbie kwa magoti, na hapo ametoa shingo. Yote mawili ni silika ya mwili ulioingiwa na hofu. Pumzi nazo zimeshikwa kifuani bila yeye kujua, kwa hiyo baada ya dakika moja amechoka kuliko aliyembeba mwenzake mlimani.

Anayefundishwa hufanya kinyume cha silika. Huvuta viwiko hadi viguse mbavu zake. Hukamata mkono mmoja wa mwenzake, chini ya kiwiko, na kuubana kifuani kwake ili usiweze kuwekwa sakafuni. Huweka unyayo wake wa upande ule ule nje ya mguu wa mwenzake na kuuziba. Sasa aliye juu hana nguzo upande mmoja: mkono umefungwa, mguu umefungwa. Ndipo aliye chini hukanyaga kwa nguvu, hunyanyua nyonga juu kabisa kuelekea darini, kisha hugeuka juu ya bega la upande uliofungwa. Mtu wa kilo 60 humgeuza wa kilo 90. Nguvu iliyotumika ni ya miguu na nyonga, na sehemu hizo za mwili hata aliye mdogo anazo za kutosha.

Maelezo hayo husomwa kwa dakika moja. Kuyaingiza mwilini ni kazi ya miezi, na inapitia hatua ambazo Paul Fitts na Michael Posner walizieleza mwaka 1967 katika kitabu chao kuhusu namna binadamu anavyojifunza stadi za mwili. Kwanza mtu hufikiri kila kitu: mkono gani, mguu gani, lini. Anajua, lakini anachelewa. Akimaliza kukumbuka, tayari ameshakabwa. Katika hatua ya pili vipande huungana, makosa hupungua, na mwanafunzi huanza kuhisi uzito wa mwenzake ukihama kabla haujahama. Katika ya tatu mwili hufanya wenyewe na akili inabaki huru kupanga mengine. Mwanafunzi mpya anapoteswa na kuchelewa kwake, yuko katika hatua ya kwanza tu, na hatua hiyo ina mwisho. Si aibu kumweleza hivyo waziwazi. Watu wazima hasa, waliozoea kuheshimiwa kazini, huvumilia ujinga wao vizuri zaidi wakijua kwamba una utaratibu.

Kisha huja kipindi cha kusimama. Mwanafunzi aliyekuwa akipanda haraka huona kwamba miezi miwili, mitatu, hakuna kilichobadilika. Jambo hili lilipimwa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani William Bryan na Noble Harter waliwafuatilia mafundi wa telegrafu waliokuwa wakijifunza kupokea ujumbe wa Morse, na waligundua kwamba kasi yao ilipanda, ikasimama kwa wiki nyingi, kisha ikapanda tena. Maelezo waliyoyatoa mwaka 1899 yalikuwa kwamba katika muda wa kusimama fundi alikuwa akihama kutoka kusikia herufi moja moja hadi kusikia maneno mazima, na baadaye mafungu ya maneno. Kilichoonekana kama kukwama kilikuwa kazi ya ndani isiyopimika bado. Mcheza jiu-jitsu naye hupitia uhamisho wa aina hiyo. Mwanzoni huona mikono na miguu. Baadaye huona mkao mzima kwa mara moja, na kujua unaelekea wapi.

Kuna sababu nyingine inayowafanya wanafunzi wajione hawaendi mbele, na inatoka kwenye namna ya kufundisha. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja hadi mwisho ndipo likaenda kwa mwingine. Kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa baadaye, hadi siku 10 kupita, kundi la mchanganyiko ndilo lililokuwa limeshika. Klabu inayorudia mbinu moja jioni nzima, watu wakisogea kama gwaride, huwapa wanafunzi raha ya kujiona mafundi, na raha hiyo huyeyuka siku ya mapambano. Klabu inayochanganya, na inayomweka mwanafunzi mbele ya mtu anayekataa kuangushwa, humfanya ajione mjinga zaidi na kumfundisha zaidi. Mwalimu anayechagua njia ya pili, nayo ndiyo njia sahihi, anawajibika kuwaeleza wanafunzi kwa nini wanajisikia vibaya.

Madaraja na mikanda husaidia katika tatizo hili la mtu kutoona anavyoendelea. Kano alianza kutoa madaraja mwaka 1883, kwa wanafunzi wake wawili, Tsunejiro Tomita na Shiro Saigo. Rangi nyingi zilikuja baadaye, judo ilipofika Ulaya, ambako wanafunzi walihitaji hatua fupi zaidi. Jiu-jitsu ya Brazili ina rangi tano kwa watu wazima: nyeupe, buluu, zambarau, kahawia na nyeusi. Kwenye mweupe mwalimu huweza kuongeza alama hadi nne, vipande vidogo vya utepe kwenye ncha ya mkanda. Ni vitu vidogo, lakini vina maana kwa mtu anayekaa mwaka na zaidi bila rangi kubadilika. Hatari yake inajulikana pia: mkanda ukitolewa kwa ada au kwa upendeleo, klabu nzima huoza, kwa sababu godoro humwumbua mwenye mkanda asiostahili siku ya kwanza atakayokutana na mgeni.

Kabla ya alama na mkanda kuna vipimo ambavyo mwanafunzi anaweza kujipima mwenyewe, na vinakuja kwa mpangilio ambao karibu haubadiliki. Cha kwanza ni pumzi: anaweza kumaliza raundi ya dakika tano bila kushika pumzi kifuani. Baada ya hapo hugonga kwa sababu anayoijua. Anaweza kusema alikosea wapi, hata kama hakuweza kuzuia. Kisha huacha kushindwa kwa njia ile ile na mtu yule yule. Kisha hujinasua. Kushinda huja mwisho kabisa, na anayekutafuta kwanza hukosa vyote vilivyotangulia. Daftari la shule la kurasa 48, likiandikwa mistari miwili kila baada ya mazoezi, huonyesha mpangilio huu vizuri kuliko kumbukumbu, maana kumbukumbu ya mtu aliyechoka hushika vipigo tu.

Kuhusu kujiona ana watu, wenyeji wa Shinyanga na Geita hawana haja ya kwenda mbali kutafuta kielelezo. Vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na kupewa majina kutokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, vimewafundisha vijana stadi ngumu za mwili kwa vizazi. Mwenye kucheza ngoma ya bugobogobo hurusha jembe hewani na kulidaka bila kupoteza mapigo. Wanangoma wa Bayeye hucheza na nyoka walio hai. Hakuna anayejifunza hayo peke yake. Kijana huingia katika kundi lenye wakongwe, huwekwa mstari mmoja na wanaojua, na hufanya mazoezi kwa ajili ya siku inayojulikana, baada ya mavuno, pale makundi mawili yatakapocheza kwa wakati mmoja na watazamaji kuamua kwa miguu yao kwa kuhamia upande unaowavutia. Tamasha la Bulabo, linalofanyika Bujora karibu na Mwanza kila Juni, bado linaendeleza mashindano hayo.

Klabu ya jiu-jitsu inayotaka wanafunzi wake wabaki ina mengi ya kuchukua hapo. Kundi la wapya watupu, linalofundishwa chumba cha peke yake, hujifunza polepole na huvunjika haraka. Mpya akichanganywa na wa miaka mitatu huona kwa macho anakoelekea. Kuwa na tarehe, hata ya pambano la kirafiki kati ya Kahama na Geita, humpa mtu sababu ya kuja Jumanne ya mvua. Na kuwa na upande wa kuutetea humfanya aone kwamba kutokuja kwake kunamgusa mwingine. Kwa wahamiaji wa miji ya migodi, wanaoishi vyumba vya kupanga mbali na ukoo, hili huenda likawa na uzito kuliko mbinu zote. Wanawake nao wana haki ya kulitegemea. Mchezo wa kushikana unahitaji uaminifu wa hali ya juu, na klabu ambayo haijaweka wazi nani anashikana na nani, wapi watu wanabadilishia nguo, na nini hakivumiliki, itawapoteza wanawake ndani ya mwezi bila wao kusema sababu.

Yapo mambo ya mwili ambayo huua hamu, kisha yakaitwa uvivu. Migodi mikubwa hufanya kazi kwa zamu za mchana na usiku, na anayetoka zamu ya usiku hawezi kujifunza kitu kipya jioni inayofuata. Mara mbili kwa wiki akiwa amelala vya kutosha ni bora kuliko mara tano akiwa na usingizi. Msimu wa kilimo ukianza Novemba mahudhurio hupungua, na mwalimu mwenye busara hupanga masomo ya msingi baada ya mavuno. Wanaofanya kazi ya kuchoronga mwamba na kusaga mawe huvuta vumbi la silika, linaloharibu mapafu na kuongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Mwanafunzi anayeishiwa pumzi isivyo kawaida, au mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi, apelekwe kituo cha afya apimwe kabla ya kuambiwa aongeze bidii.

Mahali pa kuchezea hapahitaji fedha nyingi. Mahali pasipo na magodoro ya michezo, maranda ya mbao kutoka kwa mafundi seremala, yakishindiliwa vizuri na kufunikwa kwa turubai lililovutwa likakaza, hutosha kwa mapambano ya chini. Godoro la kulalia halifai, kwa kuwa mguu huzama na goti likajisokota. Kucha zikatwe, sare ifuliwe kila baada ya mazoezi, na mwenye choa au jipu akae nje hadi apone. Kabali isitiwe pasipo msimamizi, maana iliyokaza sawasawa humzimisha mtu fahamu ndani ya sekunde chache. Na kugonga kwa kuchelewa, kwa sababu ya kiburi, ndiko kunakozaa majeraha mengi ya viwiko na mabega kwa wanaoanza.

Kipindi cha uanafunzi mpya huhesabiwa kumalizika kwa mkanda wa buluu. Shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazili haliweki muda wa chini kwa mkanda mweupe. Linataka tu mwenye kupewa wa buluu awe ametimiza miaka 16, na kisha akae nao angalau miaka miwili kabla ya wa zambarau. Kwa anayefanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, kuufikia huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kwa mfanyakazi wa zamu huweza kuzidi hapo. Kinachotazamwa ni kama anajua kujinasua kutoka kila mkao mbaya wa msingi, kama ana mtama mmoja au mbinu moja ya kuangusha anayoiamini, kama anaweza kumdhibiti asiyejua bila kumwumiza, na kama mtu mpya akipangwa naye siku ya kwanza ataondoka salama.